Nauli, Masurufu na Deni

Mtu aliyekusudia safari ndefu hujiuliza mambo matatu kabla ya kufunga mzigo wake. Kwanza hujiuliza nauli ataipata wapi. Pili hujiuliza habari za masurufu, yaani chakula na mahitaji yote ya njiani, kwa kuwa nauli humfikisha mtu kituoni lakini haimlishi. Tatu, ikiwa fedha hizo ni za kukopa au za kuchangiwa, hujiuliza atazirudishaje na kwa nani. Msafiri asiye na busara hulifikiri jambo la kwanza tu. Akiisha kuipata nauli hupanda gari kwa furaha, na njaa humkuta katikati ya njia.

Elimu ifuatayo shule ya sekondari ni safari ya namna hiyo. Wewe unayesoma insha hii pengine umebakiwa na mwaka mmoja au miwili shuleni, na pengine usiku umesikia wazazi wako wakizungumza kwa sauti ya chini juu ya karo ya chuo. Ukidhani kwamba jamaa yako ndiyo ya kwanza kupatwa na shida hiyo, umekosea. Watu wa Murang'a na Nyeri, nchi ya vilima na mito iliyo kati ya safu ya Nyandarua na Mlima Kenya, wameishughulikia shida hiyo kwa muda wa karibu miaka 100. Yafaa tuzitazame habari zao, tuone ni lini walifaulu, ni lini walishindwa, na kwa sababu gani.

Hapo kale, kabla ya wageni kufika, Wakikuyu walikuwa na elimu yao ya watu wazima. Mtu aliyetaka kuingia katika kiama, yaani baraza la wazee, alitoa mbuzi, na alipopanda daraja alitoa tena. Wazee walimla mbuzi huyo pamoja, na yule mgeni akaketi kati yao akijifunza sheria, mipaka ya mashamba, na namna ya kuamua kesi. Vivyo hivyo, aliyetaka kujifunza uganga alimlipa mganga aliyemfundisha. Basi si kweli kwamba malipo ya elimu yaliletwa na Wazungu. Kilicholetwa na Wazungu ni malipo ya fedha, na fedha ilikuwa adimu kuliko mbuzi.

Lakini palikuwa na desturi nyingine mbili za kale ambazo baadaye zilisaidia sana. Moja ni riika, yaani rika la watu waliotahiriwa wakati mmoja, ambao walishikana kama ndugu maisha yao yote. Ya pili ni ngwatio, kazi ya kusaidiana kwa zamu: leo tunalima kwako, kesho tunalima kwangu. Katika ngwatio hapakuandikwa hati yoyote, lakini kila mtu alijua ni nani anayemwia siku ya jembe. Wakikuyu husema, “Kamũingĩ koyaga ndĩrĩ,” maana yake, hata kikundi kidogo kikishikana hukiinua kinu. Methali hii tutaikumbuka tena mbele.

Wamisionari wa Kikatoliki wa Consolata walifika Tuthu, katika milima ya Murang'a, mwaka 1902. Waingereza wa C.M.S. wakaweka vituo vyao Weithaga na Kahuhia, na upande wa Nyeri Waskoti wakajenga Tumutumu. Wilaya ya Murang'a wakati huo iliitwa Fort Hall, kwa jina la ofisa mmoja wa Kiingereza. Shule za misheni zilifundisha kusoma, kuandika, dini na kazi za mikono. Aliyetaka kuendelea zaidi hakuwa na mahali pengi pa kwenda. Makerere ilianzishwa Kampala mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na Alliance High School ikafunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, kijana wa Murang'a aliyebahatika aliweza kupanda gari la moshi Maragua, akabadili Nairobi, akafika Uganda. Waliobahatika hivyo walikuwa wachache sana, na tangu hapo nauli ilikuwa jambo dogo kuliko gharama za kuishi ugenini miaka kadhaa.

Wazazi hawakukaa kimya. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuanzisha Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya. Mabaraza hayo yalikuwa chini ya ofisa wa wilaya na uwezo wake ulikuwa mdogo, lakini yaliruhusiwa kutoza kodi ndogo kwa faida ya watu wao. Mabaraza ya Fort Hall, Nyeri na Kiambu yalianza mapema kutenga fedha kwa ajili ya shule. Tukumbuke kwamba watu hao walikuwa tayari wakilipa kodi kwa serikali, na wengi walilazimika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi ili waipate. Juu ya mzigo huo walijiongezea mzigo mwingine kwa hiari, wapate shule iliyo kubwa kuliko zile za misheni. Shule ya serikali ya Kagumo, karibu na Nyeri, iliyofunguliwa mwaka 1933, ni mojawapo ya matunda ya miaka hiyo. Mabaraza hayo pia yalianza kuwalipia vijana wachache karo, jambo ambalo siku hizi tunaliita basari.

Mwaka 1929 ulizuka ugomvi mkubwa baina ya baadhi ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wanawake. Wazazi wengi waliokataa amri ya misheni waliwatoa watoto wao shuleni, au watoto wakafukuzwa. Ndipo zilipoanza shule za kujitegemea, zilizojengwa na wanakijiji wenyewe kwa miti, udongo na nyasi. Gituamba, katika Murang'a, palikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya chama kilichozisimamia shule hizo, kilichojulikana kwa herufi za KISA.

Baada ya muda mfupi walitambua kwamba kujenga shule ni kazi nyepesi kuliko kupata wa kufundisha na kuongoza ndani yake. Misheni ndizo zilizokuwa na vyuo vya walimu na vya wachungaji, na shule za kujitegemea hazikuwa na kimoja. Kwa hiyo walimwita Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa kanisa la African Orthodox kutoka Afrika ya Kusini, akafika mwaka 1935. Gituamba paligeuka kuwa chuo kidogo ambamo watu wazima walisomea ukasisi, hata mwaka 1937 baadhi yao wakawekewa mikono. Chuo hicho hakikudumu, lakini kilikuwa mfano wa jambo jipya: watu wa kawaida wa vilimani kugharimia mafunzo ya juu kwa mifuko yao wenyewe.

Kwa upande wa walimu, jawabu lilipatikana Githunguri, katika wilaya jirani ya Kiambu. Peter Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Koinange, alikwenda Marekani mwaka 1927. Alisoma Hampton, kisha Ohio Wesleyan, na mwisho Chuo Kikuu cha Columbia alikopata shahada ya pili. Aliporudi mwaka 1938 alikuta shule za kujitegemea zina kiu ya walimu, na mwaka 1939 chuo cha ualimu kikafunguliwa Githunguri. Hapo ndipo desturi ya riika ilipotumika kwa namna mpya. Rika moja lilipotoa kiasi fulani, rika jingine liliona haya kutoa pungufu, likatoa zaidi. Michango ilitoka Kiambu, ikatoka Murang'a, ikatoka Nyeri, na hata kwa Wakikuyu waliokuwa wakifanya kazi mbali na kwao. Akina mama nao walichanga kwa ajili ya bweni la wasichana. Jomo Kenyatta aliporejea kutoka Uingereza mwaka 1946 alijiunga na kazi ya chuo hicho, na baadaye akawa mkuu wake.

Hata hivyo mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1952, na baada yake serikali ikakifunga chuo cha Githunguri pamoja na shule nyingi za kujitegemea. Senti za miaka 13 zilibaki katika mawe ambayo wenyewe hawakuruhusiwa tena kuyatumia. Wanafunzi waliokuwa katikati ya masomo yao walitawanyika. Kosa halikuwa lao, wala halikuwa la wazazi wao. Lakini kwetu sisi tunaosoma habari hizi leo, Githunguri yatufundisha kwamba nguvu ya kuchanga, hata ikiwa kubwa namna gani, haitoshi peke yake. Elimu inayotegemea nguzo moja huanguka nguzo hiyo ikivunjwa.

Miaka ya Hali ya Hatari ilikuwa ya taabu. Watu wa Murang'a na Nyeri walihamishwa kwa nguvu wakawekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na wanaume wengi wakatiwa kizuizini. Lakini katika miaka hiyo hiyo lilitokea badiliko lililohusu sana karo za shule. Kabla ya hapo kulima kahawa kulikuwa karibu haki ya walowezi peke yao, isipokuwa katika sehemu chache kama vile Meru, Embu na Kisii. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliruhusu wakulima wengi wa Kiafrika kupanda kahawa, na baadaye chai ikaenea katika sehemu za juu zenye baridi. Mti wa kahawa ukawa kwa jamaa nyingi kama mbuzi wa kiama wa zamani: ndio uliomfungulia mtoto mlango wa elimu.

Sasa tuzungumze juu ya kijana mmoja wa Weithaga, Julius Gikonyo Kiano. Alisoma Alliance na Makerere, na mwaka 1948 akaenda Marekani kusoma katika chuo cha Antioch, katika jimbo la Ohio. Chuo hicho kilikuwa na utaratibu wa kufaa sana kwa mtu asiye na fedha: wanafunzi walisoma kwa muda, kisha wakaenda kufanya kazi kwa muda, kisha wakarudi kusoma. Kwa njia hiyo kazi ilikuwa sehemu ya masomo, na masurufu yalikuwa yamefikiriwa tangu mwanzo. Kutoka hapo Kiano aliendelea Stanford, kisha Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, na mwaka 1956 akapata shahada ya udaktari wa falsafa, akiwa Mkenya wa kwanza kuipata. Alirudi nyumbani akafundisha katika Royal Technical College, Nairobi, chuo kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka ule ule wa 1956, na ambacho mwaka 1970 kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kiano angeweza kukaa raha mustarehe na shahada yake. Lakini yeye, pamoja na Tom Mboya na Kariuki Njiiri, ambaye pia alikuwa mtu wa Murang'a aliyesoma Marekani, walianza kuwatafutia vijana wengine nafasi katika vyuo vya huko. Nafasi za Makerere na za Nairobi zilikuwa chache mno, na Uhuru ulikuwa ukikaribia. Nchi ingeendeshwa na nani bila watu waliosoma? Huko Marekani uliundwa mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika, na watu mashuhuri kama Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte, mwimbaji, na Sidney Poitier, mwigizaji wa sinema, walitia sahihi zao katika barua ya kuomba michango. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kukodiwa iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa ajili ya safari nyingine. Hadi mwaka 1963, wanafunzi wapatao 800 wa Afrika ya Mashariki na nchi za jirani walikuwa wamesaidiwa kwa mpango huo.

Wanafunzi hao waliagwa kwa shangwe. Vijijini palifanywa karamu za chai ambazo kila aliyehudhuria alitoa alichonacho, na jamaa waliuza mifugo. Lakini hapa twakutana tena na lile jambo la pili la msafiri. Ndege ilikuwa nauli tu. Vyuo vingi vilisamehe karo ya masomo, yote au sehemu yake, lakini kijana alihitaji pia chumba, chakula, vitabu, na koti la kumkinga na baridi ya theluji. Waliopata mahitaji hayo kwa bahati walimaliza kwa bahati. Wengine walisoma huku wakiosha vyombo na kufagia majumba, na wengine iliwalazimu kuandika barua za kuomba msaada kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Wazazi waliodhani kwamba mtoto akiisha kupanda ndege kazi imekwisha, walipata barua hizo kwa mshangao.

Miongoni mwa waliokwenda mwaka 1960 alikuwamo msichana wa Ihithe, Nyeri, aliyeitwa Wangari, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Wangari Maathai. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika shamba la Mzungu huko Nakuru, wala si mtu wa mali. Wangari alipata nafasi katika chuo cha watawa Wabenedikto cha Mount St. Scholastica, katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Alihitimu mwaka 1964 katika elimu ya viumbe, akaendelea Pittsburgh kwa shahada ya pili, na mwaka 1971 akapata udaktari Nairobi. Aliporudi nchini mwaka 1966 alianza kazi katika chuo kikuu, kisha mwaka 1977 akaanzisha shughuli ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Mtu akiuliza kama nauli ile ya mwaka 1960 ililipwa, na atazame miti.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 Kenyatta alitoa mwito wa Harambee, na watu wa Mlima Kenya, ambao tayari walikuwa na mazoea ya Githunguri na ngwatio, waliuitikia upesi. Walianza na shule za sekondari. Kufikia miaka ya 1970 shule hizo zilikuwa zimetoa vijana wengi ambao hawakupata nafasi chuo kikuu wala kazi mjini. Kwa ajili yao wilaya zikaanza kushindana kujenga vyuo vya ufundi. Nyeri walianzisha Kimathi Institute of Technology mwaka 1972, na wakulima wa kahawa walikuwa miongoni mwa waliochanga. Murang'a nao walichanga, na chuo chao cha ufundi kikaanza katika miaka ya 1980.

Vyuo hivyo vya Harambee vilionja shida ile ile ya wasafiri wa ndege. Kuchanga fedha za jengo ni jambo la siku moja: huja mgeni wa heshima, hupigwa ngoma, majina ya wachangaji hutajwa, na watu hurudi kwao wameridhika. Lakini mshahara wa mwalimu ni wa kila mwezi, mashine zahitaji vipuri, na hakuna anayepigiwa ngoma kwa kulipa gharama ya umeme. Serikali yenyewe ilikuwa na wasiwasi juu ya wingi wa vyuo vilivyokusudiwa, kwa kuwa ilijua kwamba mwishowe gharama za kuviendesha zingeiangukia. Kwa hiyo safari ilikuwa ndefu. Chuo cha Nyeri kilipandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na mwaka 2012 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Cha Murang'a kilipandishwa mwaka 2011, kikapewa hati yake mwaka 2016. Waliotoa shilingi zao za kwanza wengi walikuwa wazee, na wengine hawakuiona siku hiyo.

Tusisahau habari ya kahawa. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda sana katika miaka ya 1976 na 1977. Murang'a na Nyeri palikuwa na neema, na karo zililipwa bila shida. Lakini mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyoshikilia bei yalivunjika, na bei ikaanguka. Mtoto aliyeingia chuoni wakati wa neema hakuwa na hakika ya kumaliza wakati wa dhiki. Majirani zao wa sehemu za chai walikuwa na nafuu kidogo, kwa sababu chai hulipwa kila mwezi, na bonasi huja mara moja kwa mwaka. Mzazi mwenye busara alilipa matumizi madogo kwa malipo ya mwezi, akaiweka bonasi kwa ajili ya karo. Aliyeila bonasi katika sikukuu alikwenda kukopa mwezi wa Januari.

Sasa tumefikia jambo la tatu, yaani deni. Mikopo ya masomo si mambo mapya: tangu mwaka 1952 palikuwa na mfuko wa serikali uliowakopesha wachache waliosoma nje ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1974 serikali ya Kenya ilianzisha mikopo kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kusudi lilikuwa jema: aliyesoma jana alipe, ili wa leo naye asome. Lakini wengi waliohitimu hawakulipa. Walipata kazi, wakajenga nyumba, wakanunua magari, na mkopo ukasahauliwa kana kwamba ulikuwa zawadi. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya Bunge kuunda, kwa sheria ya mwaka 1995, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ijulikanayo kama HELB, iliyopewa nguvu ya kuwafuata wadeni na waajiri wao. Tena wakati huo mzigo wa wazazi ulikuwa umeongezeka, kwa kuwa tangu mwaka 1991 wanafunzi wa vyuo vikuu walitakiwa kuchangia gharama zao. Mwaka 2023 ulianzishwa utaratibu mwingine, ambao hupima uwezo wa kila jamaa kabla ya kugawa msaada na mkopo, nao ukazua mabishano hata mahakamani.

Kwa nini watu waliolipa ngwatio bila hati walishindwa kulipa mkopo ulioandikwa? Jibu si gumu. Katika ngwatio mdeni alimwona mwenye deni kila asubuhi kisimani. Aliyesomeshwa na rika la baba yake alikutana na macho ya wazee hao kila aliporudi nyumbani. Lakini mkopo wa serikali hauna uso. Mwenye kudai halali hapa kijijini, wala haji kuomba chumvi. Na huyo anayeumia deni lisipolipwa, yaani mwanafunzi wa miaka ijayo, mdeni hamjui kwa jina. Hata hivyo yupo, na pengine sasa anasoma darasa la nane katika kilima kilicho ng'ambo ya mto.

Basi wewe unayekaribia kumaliza sekondari, chukua daftari. Usiandike karo peke yake. Andika karo, chumba, chakula, vitabu na vyombo vya kazi, nauli ya kwenda na kurudi, na akiba kidogo ya ugonjwa. Zidisha kwa miaka yote ya masomo, wala si kwa mwaka wa kwanza tu. Kisha, upande wa pili wa ukurasa, andika kila fedha itakayopatikana na mwezi itakapopatikana: bonasi ya chai, malipo ya kahawa, basari, mkopo, mshahara wa ndugu, kazi ya likizo. Tazama ni mwezi gani pande mbili hazilingani, nawe utakuwa umeuona mahali ambapo njaa ingekukuta. Ukiona kwamba miaka minne ya chuo kikuu haiwezekani sasa, miaka miwili katika chuo cha ufundi si aibu. Wazee wa Nyeri na Murang'a walichangia vyuo hivyo kwa jasho lao kwa ajili yako. Na ukikopa, jua unachokopa: mkopo wa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 4 huongeza shilingi 4,000 kila mwaka, hata usiku unapolala.

Fanya hesabu hiyo pamoja na wazazi wako, si kwa siri. Mzazi akionyeshwa hesabu iliyo wazi huweza kushauriana na ndugu mapema, kabla ya kufikia kuuza shamba kwa haraka na kwa bei ya hasara. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kikundi kidogo kikishikana hukiinua kinu. Hayo yalithibitishwa Gituamba, yakathibitishwa Githunguri, na yakathibitishwa tena katika kila mchango wa Harambee. Lakini kinu hakiinuliwi ili kitazamwe. Huinuliwa kipelekwe mahali pake, mtama utwangwe, na wote waliokiinua wale. Aliyesomeshwa na wengi akamaliza masomo yake, akalipa deni lake, akamshika mkono anayemfuata, huyo amekifikisha kinu nyumbani.